Acheni Rula Mfukoni: Hotuba kwa Mafundi Seremala Kuhusu Kumiko

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wetu wa mafundi seremala. Wengi hawakuweza kufika na wameniomba maneno, basi nayaweka yote hapa kama nilivyoyasema.

Wazee wetu wa kazi, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kuja.

Kabla sijasema lolote, naomba kimia hiki, huu wavu wa vijiti vya mbao ndani ya fremu, kipite mkono kwa mkono. Kishikeni. Kiinueni kwenye mwanga wa dirisha. Kitikiseni kidogo karibu na sikio, msikie kama kuna kipande kinachocheza. Kisha tafuteni msumari. Tafuteni skrubu. Mmeona? Gundi ipo kwenye kona za fremu ya nje tu. Humo ndani kuna vyumba 36, na kila chumba kina vipande vitano, yaani vipande 180 vilivyoshikana kwa kubanana peke yake.

Kazi hii ni ya Japani. Wenyewe wanaiita kumiko. Jina hilo halihusiani na kumi yetu ya kuhesabia. Linatokana na kitenzi chao cha kuunganisha. Kule, seremala anayejenga nyumba na fundi anayetengeneza milango na madirisha ni watu wawili tofauti. Huyu wa pili huitwa tateguya. Ndiye anayetengeneza shoji, ile milango ya kuteleza yenye karatasi, na ndiye anayetengeneza ranma, kimia kinachokaa juu ya milango kati ya chumba na chumba ili upepo na mwanga vipite. Na si jambo la juzi. Karibu na mji wa Nara kuna hekalu la Horyu-ji, ambalo majengo yake ni miongoni mwa majengo ya mbao ya kale zaidi yaliyobaki duniani. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993. Tazama kingo za ghorofa ya juu za jumba lake kuu: utaona fito zimekatana na kupinda kona kwa mpango, zikafanya mchoro. Zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, ndugu zangu, tayari kuna mtu alikuwa anafikiri hivi.

Sasa, watu wakikiona kimia kama hicho husema nini? Husema, "Huyu fundi ana mkono." Hata mimi nimeambiwa, na nimefurahi kuambiwa. Lakini leo nasimama mbele yenu kusema kwamba mkono si wa kuaminiwa. Wangu si wa kuaminiwa. Wako, mzee wangu uliyefanya kazi hii miaka arobaini, si wa kuaminiwa. Jicho nalo ni hivyo hivyo. Waliobuni kumiko waliujua ukweli huo, wakaipanga kazi yao ili mkono usiulizwe kabisa swali la kupima. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Acheni kupima.

Nitawaeleza nilivyojifunza.

Kimia changu cha kwanza kilikuwa wavu wa miraba tu, bila mchoro wowote ndani. Fito 20, kumi za kwenda na kumi za kukatiza. Kila ufito ulikuwa na mapengo kumi, na kila pengo lina kina cha nusu ya ufito, ili wa juu na wa chini wakikutana wakae sawa. Maungio ya nusu kwa nusu, kila mtu humu ndani anayajua. Nilichukua rula ya chuma na kisu cha kuchorea alama, nikaufanya ufito mmoja mmoja. Nilipima, nikachora, nikakata, nikapima tena. Siku nne nzima. Nilikuwa makini kuliko nilivyowahi kuwa katika kazi yoyote.

Siku ya kuunganisha, ufito wa kwanza uliingia. Wa pili uliingia kwa kusukumwa. Wa tatu nikaugonga kwa nyundo ya mti. Wa sita ukapasuka.

Mzee aliyenifundisha alikuja akasimama juu yangu. Hakuugusa ule uliopasuka. Aliuliza, "Umepima mara ngapi?" Nikamjibu kwa fahari, "Mara mia mbili, mzee. Kila pengo." Akasema, "Basi umekosea mara mia mbili."

Alikuwa na haki. Tufanye hesabu pamoja. Kisu kikiwa na makosa ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na nani kati yetu anaweza kuapa kwamba chake hakina, basi baada ya mapengo kumi unaweza kuwa umehama milimita nzima. Ufito wenyewe una unene wa milimita 3. Umehama theluthi ya ufito! Na ufito wa jirani umehama kwa kiasi chake, pengine kuelekea upande mwingine. Bandu bandu huisha gogo.

Mzee alichukua fito nyingine 20. Alizilaza mezani ubavu kwa ubavu kama mkeka, akazisawazisha ncha, akazibana kwa jiriwa mpaka zikawa kama ubao mmoja. Alichora mstari mmoja kukatiza zote, kwa mraba wa fundi. Akakata mara moja kukatiza zote. Upana wa pengo je? Hakuupima. Alichukua kipande cha ufito ule ule, akakiegemeza kwenye ukato wa kwanza, akapitisha kisu ubavuni mwake. Umbali wa kufikia pengo la pili je? Kwenye ubao wake wa kuongozea msumeno kulikuwa na kijiti kilichojitokeza. Alikiingiza kijiti kwenye pengo la kwanza, na ubao ukamwonyesha la pili lilipo. Akakiingiza kwenye la pili, ukamwonyesha la tatu. Kazi yangu ya siku nne aliimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Je, mapengo yake yalikuwa mahali sahihi kwa rula? Nilipima baadaye, kwa siri. Hayakuwa! Yalikuwa yamesogea kidogo. Lakini yalisogea kwa fito zote 20 kwa kiasi kile kile, kwa hiyo zilipokutana ziliingia kwa kusukumwa na kidole gumba.

Unene wa fito nao haupimwi. Chukua vipande viwili vya mti mgumu vyenye unene unaoutaka, vigandishe mezani, na uache njia katikati. Laza ufito wako katika njia hiyo, upige randa. Randa itakula ufito mpaka ikae juu ya vile vipande viwili, kisha itaacha kukata yenyewe. Ufito wa kwanza na wa mia moja vitakuwa sawa, hata kama ule wa mia moja uliuranda jioni umechoka. Nawaomba sana msilipuuze hili la kuchoka. Kazi ya vipande 180 haifanywi na mtu yule yule kuanzia asubuhi mpaka jioni. Asubuhi una subira, jioni huna. Kalibu, yaani kifaa kama hicho cha kuongozea chombo, haichoki.

Sasa tuje kwenye mchoro.

Mchoro ulio ndani ya kile kimia unaitwa asanoha, maana yake jani la katani. Huko Japani mchoro huo umewekwa kwenye nguo za watoto wachanga tangu zamani, kwa sababu katani hukua haraka na hukua wima, na mzazi humtakia mwanawe akue hivyo. Kuna mchoro mwingine wa gamba la kobe, wa kutakia maisha marefu, na mwingine umepewa jina la ufuta. Mimi naipenda habari hii. Mtu anakaa miezi anachonga vijiti, na ndani ya vijiti hivyo ameweka dua kwa ajili ya mwenye nyumba.

Linatengenezwaje jani hilo? Chukua mraba mmoja wa wavu wako. Weka ufito wa mshazari kutoka kona hadi kona. Sasa una pembetatu mbili. Katika kila pembetatu, chukua kijiti kimoja, kikate katikati karibu ya kutenganisha lakini uache uzi mwembamba wa mti, ukikunje kama bawaba, na ncha zake mbili zikae kwenye kona mbili kali. Kisha chukua kijiti kifupi, kitoke kwenye kona ya mraba, ncha yake iende kuingia kwenye lile kunjo. Huyu wa mwisho ni kufuli. Akiingia, bawaba haiwezi kurudi nyuma, mshazari hauwezi kuhama, hakuna anayeweza kwenda popote.

Pembe zake ni ngapi? Tatu tu: digrii 45, digrii 22.5, na digrii 67.5. Mshazari unaingia kwenye kona ya mraba, digrii 90, hivyo ncha yake hukatwa 45 huku na 45 huku. Bawaba inaingia kwenye kona ya digrii 45, hivyo ncha zake ni 22.5 huku na 22.5 huku. Kufuli lina 45 upande wa kona na 67.5 upande wa kunjo. Ukitaka jani hilo hilo ndani ya pembetatu zenye pande sawa badala ya miraba, unahitaji 30 na 60 tu.

Nani hapa anaweza kuchonga digrii 67.5 kwa jicho mara 144 bila kukosea? Hakuna, wala haitakiwi. Unatengeneza kalibu: kipande cha mti mgumu, juu yake mfereji wa kukaa kijiti, na mwisho wake umekatwa kwa pembe unayoitaka. Nyuma unaweka kizuizi kinachoweza kusogezwa. Kijiti kinalala mferejini, kinagusa kizuizi, ncha inajitokeza kidogo. Mgongo wa patasi unalala kwenye mteremko wa kalibu, unasukuma. Kijiti unakigeuza, unasukuma tena. Nilitumia wiki mbili kutengeneza kalibu zangu tatu, na jirani yangu aliniuliza kama nimeacha kazi. Sijawahi kutumia wiki mbili vizuri zaidi ya zile.

Lakini kalibu inaielekeza patasi tu. Haiikatii. Na hapa ndipo ninapowaona wengi wakishindwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kuna binti mmoja alikuwa anajifunza kwangu. Kalibu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Lakini ncha za vijiti vyake zilikuwa zikimeguka, zinatoa nywele, kama mkate uliokatwa kwa kisu kibutu. Akaamua kwamba mbao yetu ni laini mno, akatafuta mti mgumu. Kwenye mti mgumu ncha zikawa afadhali. Akaja kunionyesha, amefurahi, akaunganisha, na vijiti vikapasua wavu.

Nikamwambia, mwanangu, ulaini wa mbao ndio unaotusaidia. Wajapani hutumia hinoki, ambayo ni saipresi yao, au sugi. Ni miti laini, yenye nyuzi zilizonyooka na zilizokaribiana. Mti laini ukiubana hukubali kidogo, kisha hujaribu kurudi, na kule kujaribu kurudi ndiko kunakoshika kimia. Mti mgumu haukubali. Ama unaacha mwanya, ama unapasuka.

Lakini, na hili nawaomba mliandike, mti laini unadai patasi kali kuliko mti mgumu. Inaonekana kinyume, sivyo? Fikirini. Tunapochonga ncha ya kijiti, tunakata nyuzi kwa kukatiza. Nyuzi za mti mgumu husimama imara zikisubiri chuma. Nyuzi za mti laini, zikikutana na chuma butu, huinama na kulaliana kabla hazijakatika. Unaona ncha imemeguka, unalaumu mti. Kosa ni la patasi.

Tulirudi kwenye kinoo, yeye na mimi. Hatukukata kijiti hata kimoja siku ile. Tulinoa mgongo wa patasi kwanza, maana mgongo ndio unaolala kwenye kalibu. Usipokuwa bapa, pembe yako ni uongo. Kisha makali, kwenye jiwe la kukwaruza, halafu la kati, halafu lile laini. Kesho yake alichukua kijiti cha mbao laini ile ile aliyoikataa, akasukuma mara moja. Ncha ikang'aa. Inang'aa kweli, kama imepakwa mafuta, na hakuna aliyeipaka kitu. Alikaa ameishika muda mrefu bila kusema.

Mafundi wa Japani wana mikutano ambako hushindana kutoa maranda membamba kwa randa ya mkono, na washindani wazuri hutoa maranda yasiyofika mikroni 10. Unywele wa kichwani una kama 70. Hakuna kazi ya nyumbani inayohitaji maranda membamba hivyo. Lakini aliyefika hapo hawezi tena kujidanganya kwamba patasi yake ni kali wakati si kali, na wengi wetu tunajidanganya hivyo kila siku.

Mara ngapi unoe? Kila ukianza kusukuma kwa bega badala ya kusukuma kwa kiganja, umechelewa.

Niguse upesi kiungo cha fito tatu, kwa sababu vijana wawili wameniuliza wakati wa chai. Ukitaka wavu wa pembetatu, fito tatu lazima zikutane mahali pamoja. Zitapitaje? Gawanya kina cha ufito kwa tatu. Wa chini unamkata theluthi mbili kutoka juu. Wa juu unamkata theluthi mbili kutoka chini. Wa katikati unamkata theluthi juu na theluthi chini. Kwa ufito wa kina cha milimita 12, kila mmoja anabaki na milimita 4 za mti pale wanapokutana. Mapengo yanainama digrii 60, na yale ya ufito wa chini na wa juu lazima yainame pande zote mbili kwa sababu wenzao wawili hupita hapo kutoka pande tofauti. Wa katikati ndiye dhaifu kwa sababu ameliwa juu na chini. Mshikeni kwa vidole karibu na pengo, kamwe si kwa ncha. Anza na wa chini, kisha wa katikati, kisha wa juu. Mengine mtayaelewa mkiwa na fito mkononi, maana hata mimi kwa maneno sikuelewa.

La mwisho ni kubana. Nimesema kimia kinashikwa na kubanana. Kibanwe kiasi gani?

Niliwahi kutengeneza kimia kirefu, cha kukaa juu ya mlango. Niliogopa mianya. Kwa hiyo kila kijiti nilikiacha kirefu kwa unywele mmoja, nikakisukuma kwa nguvu. Kila kimoja kiliingia vizuri, kigumu, mlio wake mzito. Nilijisifu moyoni. Nilipofika theluthi mbili ya kazi, nililaza rula juu ya kimia. Kilikuwa kimevimba katikati kama tumbo la mashua. Kila kijiti kilikuwa kimesukuma kidogo tu, na wavu haukuwa na pa kwenda isipokuwa juu. Ilibidi nivitoe vyote, na kuvitoa ni kuviharibu. Zaidi ya vijiti 300 nilivitupa.

Tangu hapo nasikiliza. Kijiti kikiwa kifupi, huingia kimya na ukikigeuza kimia kinaanguka. Kikiwa kirefu, unakisukuma na wavu unalia, mlio mkavu wa mti unaoumia. Kikiwa sawa, kinateleza mpaka nusu kwa uzito wa kidole, kisha kinahitaji msukumo mmoja, na kinakaa kwa sauti ndogo kama ya kufunga kijisanduku. Ukipata kijiti kimoja kinachofanya hivyo, kaza kizuizi cha kalibu yako papo hapo na ukate vyote vilivyobaki bila kugusa skrubu. Kijiti hicho kihifadhi. Ndicho kipimo chako, na ndicho pekee unachokihitaji.

Mwenzetu mmoja ameuliza kama mashine haiwezi kufanya haya yote. Inaweza mengi. Hata Japani, karakana nyingi hupasua fito na kukata mapengo kwa mashine, na sioni aibu ndani yake. Lakini kijiti cha kufuli bado kinasukumwa na kidole cha mtu, na ile sauti ndogo bado inahitaji sikio. Anayeanza naomba aanze kwa msumeno, randa, patasi na kinoo, kwa sababu akianza na mashine hatajua kwa nini kimia chake kimevimba.

Nimemaliza maneno. Pale mezani kuna wavu wa miraba minne, mshazari umekwisha wekwa. Kuna kalibu tatu, patasi mbili, na vinoo vimelala kwenye maji tangu asubuhi. Fito ni nyingi, msiogope kuharibu. Vijana wa nyuma, anzeni nyinyi. Nani amebaki na kimia changu?